Maziwa, ngumi na namba 3: Mchongoano wa mashabiki wa NASCAR

Kama ulikulia mbele ya runinga ukimshangilia Lightning McQueen, basi ulishakutana na NASCAR bila kujua. Lile gari kongwe la samawati linaloitwa The King katika filamu ya kwanza ya Cars, ya mwaka 2006, sauti yake ni ya Richard Petty, dereva aliyeshinda mbio nyingi kuliko yeyote katika historia ya mchezo huo. Filamu ya tatu ilipotoka mwaka 2017, waliongezwa wakongwe wengine wanaopiga stori za enzi zao. Mmoja, Junior Moon, alipewa sauti na Junior Johnson mwenyewe, mzee aliyewahi kufungwa jela kwa sababu ya pombe haramu. Mwingine, River Scott, ni kumbukumbu ya Wendell Scott, dereva mweusi ambaye kombe lake lilichelewa kwa zaidi ya nusu karne.

Watoto wa huku waliona magari yanayoongea. Huko Carolina Kaskazini, babu za watoto waliona majirani zao.

Sasa, NASCAR si langalanga. Magari ya langalanga hufanana na ndege zilizokatwa mabawa. Ya NASCAR yana sura ya magari ambayo mtu angeweza kuyanunua dukani: Ford, Chevrolet na, tangu mwaka 2007 kwenye ligi kuu, Toyota. Chini ya bodi ni hadithi nyingine kabisa, lakini sura ndiyo iliyojenga ushabiki. Mtu akifika uwanjani na Ford yake na kuona Ford ikishinda, anarudi nyumbani akiwa ameshinda yeye.

Hapo ndipo mchongoano huanzia. Wa Chevrolet wana utani wa miaka na mikaka kwamba herufi nne za Ford ni kifupi cha maneno “Liliokotwa Barabarani Likiwa Limekufa”. Wa Ford nao hawakosi la kujibu. Wote wawili hupatana kwa dakika chache pale Toyota inapotajwa, kwa kuwa huyo ni mgeni aliyeingia sherehe bila kadi, hata kama Camry za Marekani huundwa na Wamarekani wenyewe katika jimbo la Kentucky. Kwetu, ambako Toyota ni kama mwanachama wa familia, hilo linachekesha. Lakini mtu aliyewahi kukaa kati ya msee wa Subaru na msee wa Evo pale Naivasha hahitaji kufafanuliwa zaidi.

Ugomvi wa takwimu ndio mtamu kuliko wote. Petty ana ushindi mara 200. Anayemfuata, David Pearson, ana 105. Kwa mtu wa kawaida mjadala umeisha, sivyo? Wacha wee! Shabiki wa Pearson atakungoja umalize, kisha akuulize kwa upole: Petty alishiriki mbio ngapi? Ni 1,184. Na Pearson? 574. Piga hesabu mwenyewe. Halafu atakuongezea kwamba mara 63 ambazo wawili hao walichukua nafasi ya kwanza na ya pili, Pearson alikuwa mbele mara 33. Na akiona bado hujanyamaza, atakukumbusha Daytona 500 ya mwaka 1976, walipogongana wakiwa karibu kumaliza. Gari la Petty lilikwama mita chache tu kabla ya mstari. Pearson, ambaye hakuwa ameruhusu injini izime, alijikokota taratibu na gari lililopondeka na kupita. Watu wanabishana hivi hadi leo, na Pearson alifariki mwaka 2018.

Hakuna utani uliopendwa kama ule wa maziwa.

Miaka ya tisini, mfalme wa uwanjani alikuwa Dale Earnhardt. Mtoto wa Kannapolis, Carolina Kaskazini, masharubu kama ya afande, Chevrolet nyeusi yenye namba 3, na tabia ya kukusukuma kwa nyuma ukimzuia njia. Baba yake alikuwa dereva pia. Dale aliacha shule mapema na mashabiki wake, wengi wao watu wa viwandani na mashambani, walimwona kama mwenzao aliyetoboa. Kisha akatokea Jeff Gordon. Mzaliwa wa California, uso laini, maneno yaliyopangika, gari la rangi za upinde wa mvua. Yaani kila kitu ambacho shabiki wa Earnhardt alikuwa ameapa kutokipenda. Fulana za kumpinga Gordon ziliuzwa nje ya viwanja kama njugu.

Earnhardt alimbandika jina, “Wonder Boy”, kama vile mzee wa kijiwe anavyomwita kijana aliyetoka chuo “profesa”. Mwaka 1995, Gordon alipokuwa anakaribia kutwaa taji akiwa na umri wa miaka 24, Earnhardt alisema kwa kejeli kwamba katika dhifa ya mabingwa New York kijana huyo atainua glasi ya maziwa badala ya mvinyo. Gordon akatwaa taji. Usiku wa dhifa ulipofika, akiwa amevalia suti yake, aliinua glasi kumtakia Earnhardt heri. Ndani yake kulikuwa na maziwa.

Ukitaka kujua tofauti ya mchongoano na matusi, iko pale. Aliyechongolewa aliuchukua utani, akaubeba hadi mbele ya watu na kumrudishia mwenyewe. Mashabiki wa pande zote mbili husimulia kisa hicho hadi leo, kila upande ukidai kwamba wake ndiye aliyeibuka mshindi.

Kuna pia utani uliozaliwa na ngumi. Tarehe 18 Februari 1979, Daytona 500 ilionyeshwa moja kwa moja nchini Marekani kuanzia mwanzo hadi mwisho kwa mara ya kwanza. Theluji kubwa ilikuwa imewafungia watu ndani mashariki mwa nchi, kwa hivyo wengi ambao hawakuwahi kujali mchezo huo walijikuta wakiutazama. Mzunguko wa mwisho, Cale Yarborough na Donnie Allison waliokuwa mbele waligongana na kuishia kwenye nyasi. Petty, aliyekuwa mbali nyuma yao, akapita na kushinda. Kamera ziliporudi kwa wale wawili, Bobby Allison, kaka yake Donnie, alikuwa amesimamisha gari na ngumi zilikuwa zinarushwa. Baadaye Bobby alijitetea kwamba yeye hakumpiga mtu: ni Cale aliyekuwa akiupiga mkono wake kwa kutumia pua. Alirudia utetezi huo kwa miaka mingi na haukuchosha watu.

Ukikaa na mashabiki wakongwe utasikia wimbo mmoja: zamani magari yalikuwa magari na madereva walikuwa wanaume. Ati siku hizi ni kompyuta na wadhamini tu. Ni wimbo tunaoujua. Tangu Safari Rally irejee kwenye kalenda ya dunia mwaka 2021 baada ya kukosekana tangu 2002, wazee wetu wamekuwa wakituambia kwamba hii ya sasa ni matembezi ya Jumapili, na kwamba Joginder Singh na Shekhar Mehta wangeimaliza wakila mahindi choma.

Shida ya wimbo huo ni kwamba historia yenyewe haiuimbi. Angalia mbio za kwanza kabisa za ligi kuu ya NASCAR, zilizofanyika Charlotte tarehe 19 Juni 1949. Sharti lilikuwa magari yawe kama yalivyotoka kiwandani. Glenn Dunaway alimaliza wa kwanza na Ford ya mwaka 1947. Wakaguzi walipochungulia chini, walikuta springi za nyuma zimekarabatiwa. Gari hilo lilikuwa likitumika kusafirisha chang'aa yao, ile pombe ya mahindi inayopikwa msituni usiku, na springi ziliimarishwa ili gari lisilale chini likiwa limejaa mzigo. Dunaway akapokonywa ushindi, akapewa Jim Roper wa Kansas. Yaani mshindi wa kwanza kuvuka mstari alikuwa na gari lililochezewa. Hiyo ndiyo “zamani ya kweli” wanayoililia.

Na hawaoni haya kuhusu chang'aa hiyo. Kinyume chake, ni fahari. Junior Johnson wa kaunti ya Wilkes alijifunza kuendesha kwa kuwakimbia polisi wa ushuru usiku, taa zikiwa zimezimwa. Alijigamba maisha yake yote kwamba hawakuwahi kumshika barabarani. Walimkamatia kwenye mtambo wa baba yake mwaka 1956, na akatumikia kifungo cha miezi 11. Alitoka, akaendelea hadi kufikisha ushindi wa mbio 50 katika maisha yake ya mashindano, na mwaka 1986 Rais Ronald Reagan akamsamehe rasmi.

Tarehe 18 Februari ilirudi tena mwaka 2001. Daytona 500, mzunguko wa mwisho, kona ya mwisho. Gari jeusi namba 3 liligonga ukuta. Kwa macho ya mtazamaji haikuonekana ajali ya kutisha. Watu walikuwa wamemwona Earnhardt akitoka kwenye mabaya zaidi. Michael Waltrip, aliyekuwa akiendesha gari la timu ya Earnhardt, alishinda, na Dale Earnhardt Mdogo akawa wa pili. Walikuwa bado hawajajua kwamba mzee ameondoka.

Msimu uliobaki, kila mzunguko wa tatu ulipoanza, uwanja mzima ulisimama na vidole vitatu vikainuliwa juu. Watangazaji wa runinga ya Fox walinyamaza kimya mzunguko wote. Walioinua vidole hawakuwa wenye kofia nyeusi peke yao. Wenye fulana za upinde wa mvua walisimama pia, wale wale waliokuwa wakizomewa kila wiki. Mtu uliyemtania kwa miaka saba anapofiwa, unajua kwamba wewe pia umefiwa.

Wiki tatu baadaye, kule Atlanta, gari la Earnhardt likiwa limepakwa rangi nyeupe na kupewa namba 29, liliendeshwa na kijana aitwaye Kevin Harvick. Alishinda kwa tofauti ya sekunde 0.006. Aliyemshinda? Jeff Gordon. Mwandishi wa filamu angeambiwa apunguze chumvi.

Namba 3 haikuonekana tena kwenye ligi kuu hadi mwaka 2014, ilipopewa Austin Dillon, mjukuu wa mwenye timu. Ubishi uliolipuka haujaisha vizuri. Wengine walisema namba hiyo ingezikwa na mwenyewe, wengine wakasema namba ni ya timu. Mwaka 2018 Dillon alishinda Daytona 500 nayo, miaka 20 kamili tangu Earnhardt aishinde kwa mara yake ya kwanza na ya pekee baada ya kujaribu mara 20. Mashabiki wenye kinyongo walikuwa na wiki ngumu.

Hamu hii ya jana si ya kulia tu. Inaweza kufanya kazi. Uwanja wa North Wilkesboro, nyumbani kwa Junior Johnson, ulifunguliwa mwaka 1947. Ni mdogo, mzunguko wake ni kama kilomita moja, upande mmoja ukiteremka na mwingine ukipanda. Mwaka 1996 ligi kuu iliukimbia kufuata viwanja vikubwa vya mijini, na mshindi wa siku hiyo ya mwisho alikuwa, nani tena, Jeff Gordon. Magugu yakaota kwenye lami. Paa za majukwaa zikaanza kuporomoka.

Desemba 2019, Dale Earnhardt Mdogo aliwaita watu wakaenda kung'oa magugu. Lengo halikuwa kurudisha mbio. Walitaka lami iwe safi ili ipimwe kwa mashine za leza na kuingizwa katika iRacing, mchezo wa kompyuta unaoiga mbio halisi, kabla uwanja haujapotea kabisa. Ilikuwa kama kupiga picha ya nyanya akiwa bado anaona. Halafu korona ikaja, madereva wakafungiwa nyumbani, na Mei 2020 wakashindana kwenye kompyuta katika North Wilkesboro hiyo hiyo ya kidijitali, mamilioni ya watu wakiwa wamezoea kuwatazama hivyo wiki baada ya wiki. Watu wakaanza kuuliza: kwani wa kweli umeshindikana nini? Jimbo likatenga pesa kutoka kwa fedha za kujikwamua baada ya janga. Agosti 2022 Earnhardt Mdogo alishiriki mbio pale na kumaliza wa tatu. Mei 2023 mbio za mastaa za NASCAR zikarejea, Kyle Larson akishinda.

Kwa hivyo vijana wa gemu ndio waliookoa uwanja wa wazee. Hilo, wakongwe hawapendi kukumbushwa sana.

Lakini kuna kitu lazima kisemwe kuhusu jana hiyo, maana si kila mtu alialikwa kwenye utani wake.

Wendell Scott wa Danville, Virginia, aliendesha teksi, akasafirisha chang'aa kama wenzake, akawa fundi wa gari lake mwenyewe. Tarehe 1 Desemba 1963 alishinda mbio za ligi kuu mjini Jacksonville, Florida. Alikuwa mbele kwa mizunguko miwili. Bendera haikupeperushwa kwake. Buck Baker, mzungu, alitangazwa mshindi na kukabidhiwa kombe. Saa kadhaa baadaye, umati ukiwa umeondoka, maafisa walikiri kwamba Scott ndiye aliyeshinda. Walisema ni kosa la kuhesabu. Kombe halisi hakuliona. Alifariki mwaka 1990, na familia yake ilikabidhiwa kombe la ushindi huo Agosti 2021.

Sasa mweke Scott mahali pa yule mzee anayesema “zamani ilikuwa tamu”. Tamu kwa nani? Kwa miongo mingi bendera ya majimbo yaliyopigania utumwa ilipepea kwenye magari ya kulala ya mashabiki kandokando ya viwanja. Kwao ilikuwa sehemu ya mandhari ya utotoni. Kwa shabiki mweusi aliyekata tiketi kama wao, ilikuwa tangazo kwamba hapa si kwenu. Michael Jordan, ndiyo, yule wa vikapu, alikulia Carolina Kaskazini na amesema alikuwa akipelekwa kwenye mbio hizo na wazazi wake. Familia za namna hiyo zilikuwepo. Hazikuchorwa tu kwenye picha.

Juni 2020, Bubba Wallace, dereva pekee mweusi katika ligi kuu, alidai bendera hiyo iondolewe, na siku chache baadaye NASCAR ikaipiga marufuku. Muda mfupi baada ya hapo kamba yenye kitanzi ilipatikana kwenye gereji aliyopangiwa Talladega. Kabla ya mbio, madereva wote na mafundi walisukuma gari lake hadi mbele ya msafara, Richard Petty, aliyekuwa na miaka 82, akiwa kando yake. FBI ilipochunguza iligundua kamba hiyo ilikuwepo tangu mwaka uliotangulia, hivyo haikuwa imemlenga yeye. Tangu hapo akitambulishwa hupokelewa na kelele za kumzomea. Mwaka 2021 alishinda Talladega, mweusi wa kwanza kushinda tangu Scott, na mbio zilikatizwa na mvua. Wachokozi wakapata la kusema: ushindi wa mvua! Mwaka 2025 alishinda Brickyard 400 ya Indianapolis katika mizunguko ya ziada, mbele ya Larson.

Je, anazomewa kama Gordon alivyozomewa, au ni kitu kingine? Mimi naona vyote viwili vimo kwenye sauti ile moja, na ndiyo maana inaudhi. Utani wa ushindi wa mvua ni halali kabisa. Kila dereva aliyeshinda hivyo ameuonja. Anayemzomea kwa sababu ya bendera hamtanii. Mtani wako ni mtu unayetaka arudi wiki ijayo.

Na kizazi kipya kinarudi kwa njia zake. Oktoba 2022, pale Martinsville, Ross Chastain, kijana wa familia inayolima matikiti maji huko Florida, alihitaji kupita magari kadhaa katika mzunguko wa mwisho. Alibandika gari ukutani, akakanyaga mafuta hadi mwisho na kuliacha ukuta uligeuze. Alipita matano, akafuzu fainali. Alieleza kwamba ujanja huo aliujua kutoka kwa gemu ya NASCAR aliyocheza utotoni. NASCAR iliupiga breki msimu uliofuata. Naye Rajah Caruth, kijana mweusi aliyekulia Washington, alianza mbio kwenye iRacing kabla ya kugusa gari lolote la mashindano. Machi 2024 alishinda mbio za malori madogo Las Vegas. Wazee walisema nini? Walisema zamani madereva walianzia kwenye vumbi.

Jordan sasa anamiliki timu anayoendeshea Wallace, kwa ubia na dereva Denny Hamlin, mmoja wa wanaozomewa zaidi katika mchezo mzima. Septemba 2023 Hamlin alishinda mbio za usiku za Bristol, uwanja mdogo uliozungukwa na majukwaa marefu kiasi cha kufanana na sufuria. Aliposhuka garini, kelele za kumzomea zilifunika kipaza sauti. Akawaambia amemshinda dereva wampendaye. Akaulizwa, yupi?

“Wote,” akajibu. Sufuria nzima ikachemka upya.